Lugha Aliyokatazwa Nyanya

Wiki iliyopita mtoto mmoja wa kike aliletwa kwangu kutoka upande wa Nyamira. Kazi yangu, kama hukuwahi kuijua, ni kupima watoto wasiosema au wanaosema kwa shida, na wazee waliopotewa na maneno baada ya kiharusi. Watu wa mji huu wa Kisii wananiita daktari wa ulimi, nami nimechoka kuwasahihisha. Nilimwekea mtoto yule picha mezani, picha ya familia: mwanamume, mwanamke, watoto na mbwa wao. Nikamwambia anionyeshe baba. Akaweka kidole juu ya mwanamke bila kusita, kisha akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali rahisi mno. Shangazi aliyemleta akacheka, nami nikacheka. Halafu nikamwomba shangazi anisubiri kidogo, nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka nilipoweza kurudi.

Kama wewe si wa huku, rafiki yangu, acha nikueleze, maana bila hili hutaielewa hasira yangu. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya huku, baba ni mama. Yule aliyekuzaa na kukunyonyesha ndiye unayemwita baba. Baba wa Kiswahili sisi humwita tata. Na ukitaka kukataa jambo, unasema yaya, yaani hapana. Mtoto wa huku anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo vya sweta. Mimi niliyajua, na kwa kuyajua nikaambiwa ni mgonjwa.

Nililelewa na nyanya mzaa mama, kwenye kilima kimoja cha Nyamira ambako majani chai yanashuka mpaka mtoni na migomba imesimama nyuma ya kila jiko. Mama alikuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini, akapanga chumba Nyakoe, na alikuja kutuona kila Ijumaa kabla jua halijatua, maana nyanya alikuwa Msabato wa kweli na hakutaka mtu abishe mlangoni Sabato ikiwa imeingia. Ijumaa hiyo ilikuwa na harufu yake. Chinsaga, zile mboga chungu, zilikuwa zimelala kwenye chungu na maziwa tangu jana yake, ugali wa wimbi umefunikwa kwenye kikapu, na ndizi zilizovundikwa zimefukuliwa, ngozi imejaa madoa meusi, utamu wake hadi unakuna koo. Mvua ya mawe ilipopiga mabati, nyanya aliinua sauti akaendelea na hadithi yake palepale alipokuwa, kana kwamba mvua ndiyo iliyomkatiza na inapaswa kuona aibu.

Yule mwanamke aliongea, jamani. Aliongea na majirani kuvuka bonde, aliongea na jembe likikwama kwenye mzizi, aliongea na Mungu kwa sauti ileile aliyotumia kumsuta mwenye kupima majani kituoni. Mimi nilitembea nyuma yake siku nzima na kikapu changu kidogo, yeye akichuma majani mawili na chipukizi, mimi nikichuma chochote, na maneno yakinimiminikia. Sikuwa msemaji. Nilikuwa mtoto wa kusikiliza. Majirani walipomuuliza mbona mjukuu wake kimya hivyo, aliwajibu kwamba anayenyamaza anakusanya, na siku atakayofungua mdomo watakosa pa kujificha.

Kisha mama akanichukua kwenda Nyakoe kuanza chekechea. Usinielewe vibaya, alinichukua kwa upendo. Mwanamke aliyefanya kazi kwa bidii vile alitaka mtoto wake karibu, avae soksi nyeupe, ajue Kiingereza mapema. Tatizo lilianza siku ya kwanza dukani, nilipomwita baba kwa sauti mbele ya watu, na mwenye duka, ambaye hakuwa wa huku, akachungulia mlangoni kumtafuta mwanamume aliyeitwa. Mama aliona haya. Akaninong'oneza kwamba huku mjini yeye ni mami. Nikajaribu. Lakini neno likishakaa mdomoni tangu maziwa ya kwanza, haling'oki kwa kunong'onezwa.

Darasani kulikuwa na Kiswahili na Kiingereza, na mimi sikuwa na chochote kati ya hivyo. Nikafanya nilichokijua, nikasikiliza. Mwalimu wa chekechea, mwanamke mnene mwenye kicheko kizuri, alisubiri kwa muda, kisha akamwambia mama, mbele ya wazazi wengine, kwamba mtoto huyu ana shida, apelekwe akapimwe. Simlaumu sana. Alikuwa na darasa limejaa, na mtoto asiyelia wala kusema humtia mwalimu wasiwasi. Aliyenichoma ni yule aliyefuata.

Kulikuwa na zahanati ya kibinafsi mjini ambako mtaalamu wa usemi alikuwa akija mara kwa mara kutoka mbali. Mama aliomba ruhusa kazini, akanivalisha gauni tulilolichagua pamoja Daraja Mbili kwenye marundo ya mitumba, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa. Nakumbuka harufu ya spiriti na kiti kilichonizidi urefu, miguu yangu ikining'inia. Mengine aliniambia mama baadaye sana, nilipokuwa chuoni, siku aliyoamua kulitapika lote. Mtaalamu alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mkali ningemchukia kwa urahisi. Alimwambia mama akae nyuma yangu na asinisaidie kwa neno wala kwa jicho. Hiyo ni kanuni nzuri. Mimi mwenyewe naitumia.

Akaweka picha ya familia. Baba yuko wapi? Nikaonyesha mwanamke. Akarudia polepole, huku akitabasamu. Nikaonyesha mwanamke tena, kwa nguvu zaidi. Akashika picha ya mwanamume akaniuliza huyu ni nani, nikamjibu tata, naye akafikiri nimekwama na silabi, kwamba najaribu kusema kitu nisichokiweza. Akanionyesha mbuzi akaniuliza kama ni mbwa. Nikasema yaya. Akanionyesha mpira akaniuliza kama ni chungwa. Nikasema yaya. Ndipo akageuka kwa mama na huruma imemjaa usoni.

"Mtoto ana yaya nyumbani?"

"Hapana, daktari. Alilelewa na nyanya yake."

"Basi kuna yaya alimzoea. Anamtaja kila mara."

Mama alinisimulia kwamba hapo alijikaza akafungua mdomo. Alisema, "Daktari, kwetu sisi baba ni mama." Na mtaalamu akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayecheka na mzazi aliyebanwa anayejaribu kumtetea mwanawe kwa mzaha. Akamwambia, "Mama, tulikubaliana usimsaidie." Karani wa mawakili, mwanamke aliyezoea kuwaambia wanasheria wazima kwamba wamekosea tarehe, alinyamaza mbele ya koti jeupe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kuna watu wamesoma wakafika mahali ambapo kuuliza kunawashusha cheo.

Uamuzi ulikuwa kwamba lugha yangu imechelewa mno, kwamba siwezi kutofautisha hata baba na mama, na kwamba chanzo ni kichwa kilichochanganywa na lugha nyingi. Dawa ilikuwa kuondoa moja. Mama aliuliza ipi. Akaambiwa ile ambayo haitamsaidia shuleni. Mama akasema kwamba nyanya wa mtoto hajui nyingine. Mtaalamu akafikiri kidogo, akasema, basi kwa sasa nyanya asiongee naye.

Kwa sasa. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kutuambia kwamba hiyo sasa imekwisha.

Hili la kumwambia nyanya nalikumbuka mwenyewe, na sihitaji mtu kunisimulia. Tulifika Ijumaa kama kawaida. Mama aliingia jikoni, mimi nikabaki kizingitini nikila ndizi. Alisema kwa Ekegusii, na wakati huo kilikuwa bado changu, nikasikia kila neno: daktari amesema lugha hii inamharibu mtoto, usiongee naye mpaka apone. Nyanya alikuwa anakoroga. Mwiko ukasimama. Akauliza, lugha gani? Mama akasema, hii. Nyanya akauliza, hii yangu? Nyanya akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu kama anayetafuta kidonda, kisha akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake mwenyewe.

Aliitii amri hiyo kuliko alivyotii jambo lolote maishani, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwogopa. Mimi nililia, nikamvuta leso, nikamuuliza kwa Ekegusii nimekosa nini. Alitikisa kichwa, akanipa chakula. Aliamini anaokoa maisha yangu. Aliponiita kula, alitumia Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kila l ndani yake ilikuwa r na kila kitu kilikuwa hii. "Wewe kuja kura. Hii ni ya wewe. Nzuri sana hii." Basi, hapo ndipo Kiswahili chake kiliishia. Huwezi kumsimulia mtoto hadithi kwa maneno hayo. Huwezi hata kumgombeza vizuri.

Lakini nyanya hakuwa mtu wa kukaa na maneno tumboni. Alikuwa na ng'ombe mmoja, jike la madoa lenye pembe iliyopinda, na daktari hakuwa amesema lolote kuhusu ng'ombe. Likizo zilipofika, alinikalisha kwenye kigogo karibu na zizi, akashika chuchu, maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo, naye akaanza kumwambia ng'ombe habari zote. Alimwambia kwamba msichana huyu amekonda, huko Nyakoe wanamlisha karatasi? Alimwambia kwamba jirani amemtukana na alivyomjibu. Alimwambia hadithi ya sungura tangu mwanzo mpaka mwisho, hata akaimba pale pa kuimbwa, bila kunigeukia hata kidogo. Ng'ombe alicheua. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu, na nyanya akajifanya kushangaa ni nani anayecheka huko nyuma.

Hizo ndizo siku ninazozililia, maana tulikuwa tumeishinda amri. Lakini likizo ni chache, na Nyakoe ni kila siku. Mama alifuata maagizo kwa uaminifu wa mtu aliyeogopeshwa. Redio ilikuwa ya Kiswahili, magazeti ya picha yalikuwa ya Kiingereza, na wageni wa kutoka nyumbani walipokuja alinitoa uani na kitabu. Nikaanza kusema. Nikasema sana, nikapata alama nzuri, nikasimama mbele ya shule nikakariri shairi. Mama alimpelekea mtaalamu mkungu wa ndizi kwa shukrani. Mtu akikutibu ugonjwa usiokuwa nao hakosi kukuponya, na yule bwana aliondoka na ndizi zetu akijua amefanya kazi.

Kule zizini, kwanza nilianza kupoteza vichekesho. Nyanya angesema jambo kwa ng'ombe, angesubiri, na mimi ningechelewa kucheka kwa sababu nilikuwa bado nalitafuta neno moja. Mwaka uliofuata nilipata nusu. Baadaye, nikiwa shule ya bweni, nilikaa kwenye kigogo kilekile nikasikia sauti tu, ikipanda na kushuka, na ndani yake nikaokota maziwa, nikaokota mvua, basi. Siku hiyo nilimuuliza mama nyanya anasema nini. Mama alikuwa anaosha vyombo kando ya zizi. Akajibu, "Ni maneno ya ng'ombe tu, mami." Na nyanya, ambaye Kiswahili cha kiasi hicho alikielewa, alimaliza kukamua kimyakimya. Sikumbuki kumsikia akimwambia ng'ombe hadithi tena.

Utaniuliza kwa nini, nikiwa na historia hiyo, nikaenda kusomea kazi ileile. Sikuwa na historia hiyo. Nilichojua ni kwamba nilikuwa mgonjwa nikaponywa, na nilitaka kuponya wengine. Mama aliponiambia ukweli nilikuwa karibu kumaliza, na tayari nilikuwa nimefundishwa darasani, kwa upole na kwa michoro, kwamba mtoto hupimwa kwa lugha aliyolelewa nayo, na kwamba lugha mbili hazijawahi kumchanganya mtoto yeyote. Nilimpigia kelele mama hadi majirani wakazima redio. Nilimwambia alipaswa kurudia. Alipaswa kugonga meza. Alipaswa kunibeba akatoka. Alinisikiliza yote, kisha akasema kwamba mimi sijui ilikuwaje kuwa peke yake na mtoto asiyesema, na kwamba yeye pia alipoteza mama siku ile, kwa sababu tangu hapo nyanya alimwangalia kama mtu aliyekuja kumtangazia kwamba ana sumu mdomoni. Mpaka leo hatujapatana sawasawa kuhusu jambo hili. Tunapigiana simu, tunaulizana afya.

Nilikuwa nimepata kazi Nairobi nilipoambiwa nyanya ameanguka shambani. Nilimkuta wodini mjini Kisii, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Aliponiona, alianza kuongea. Unanielewa? Yule aliyeufunga mdomo wake kwangu tangu utoto wangu aliniangalia usoni akaongea, moja kwa moja, mimi na yeye, bila ng'ombe. Aliongea kwa mtiririko, kwa mapigo yaleyale ya zamani, kuna mahali alipandisha sauti kama anayeuliza, kuna mahali alitulia ili nijibu.

Nami nilikuwa mtaalamu. Nilijua cha kufanya. Kuna wagonjwa wa kiharusi wanaobaki na sauti na mtiririko lakini yanayotoka si maneno. Ukiwasikia kwa mbali utadhani wanazungumza. Na kuna wale ambao lugha ya ukubwani imeondoka, ya utotoni ikabaki nzima. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Anayeijua lugha anasikia mara moja, hata awe mtoto mdogo. Nilimwambia kwa Kiswahili afumbe macho, hakufumba. Nilimwambia anionyeshe dirisha, akaendelea kuongea. Sikujua kama kuelewa kwake kumekufa, au ni kile Kiswahili chake cha kuja kura ndicho kilichokufa. Nilikaa pale na shahada yangu nikisikiliza, na sikuweza kusema kama nyanya yangu anaongea au haongei.

Mama wa kitanda cha pili alikuwa Mjaluo, akanitazama kwa huruma akasema hajui lugha yetu. Yetu, alisema. Simu yangu nilikuwa nimeiacha ikichajiwa kwenye meza ya manesi. Nilikimbia kuichukua ili nimrekodi, nikikimbia pia kumtafuta mtu yeyote wa huku, mtu yeyote aliyelelewa na mamake, aje anisikilizie. Nilipata muuguzi mwishoni mwa ukumbi, nikamshika mkono nikamvuta. Tulipofika, nyanya alikuwa amenyamaza. Macho yalikuwa wazi, lakini alikuwa amechoka. Muuguzi alimwinamia akamsalimia kwa Ekegusii kizuri, naye akapepesa tu. Mama alifika na uji wa wimbi kwenye chupa, akamwita, akamsugua miguu. Hakusema tena. Kabla ya asubuhi alikuwa ametuacha.

Mazishini watu walisimulia alivyokuwa na maneno. Walicheka huku wakilia, na mimi nilicheka nikiangalia midomo yao ili nijue ni wakati gani. Siku hizi nyumba ile imefungwa. Jiko lilianguka upande mmoja, majani chai yanachumwa na mtu tuliyemkodisha, na ng'ombe wa sasa ni wa maziwa mengi, wa kisasa, asiyeambiwa chochote. Nilirudi Kisii kufanya kazi, watoto wanakuja kwangu na baba zao ambao ni mama zao, na siku hizi wapo wataalamu wachache wanaouliza nyumbani mnaongea nini kabla hawajatoa picha yoyote. Nafurahi kwa ajili ya watoto hao. Mimi hainisaidii.

Ninajifunza Ekegusii. Ukubwani, kwa aibu, kutoka kwa wauza ndizi wa Daraja Mbili ambao wananicheka na kuniambia naongea kama mzungu wa misheni. Na kila neno jipya ninalolipata nalirudisha kwenye kile kitanda, nalijaribu katika mdomo ule uliopinda, nione kama lilikuwemo. Lilikuwepo neno alilolirudia, lenye nya katikati. Lilikuwepo lingine fupi, alilolisema akinitazama viatu. Lakini sauti nazo zinanitoka. Mwaka jana nilikumbuka sehemu nzima, yenye mwanzo na mwisho; mwaka huu nimebaki na vipande. Nadhani karibuni nitakuwa nimejifunza lugha ya kutosha kumwelewa nyanya, na sitakumbuka hata moja ya yale aliyosema.